Shangazi Hatagi Tena

Daktari wa mifugo alimpakata kuku juu ya taulo, akamfunika kichwa ili atulie, kisha akaugeuza mguu wake wa kushoto. Chini ya wayo palikuwa na uvimbe wenye kigaga cheusi. Alipoubonyeza, mama mzee aliyekaa kwenye kigoda mlangoni mwa jikoni aliurudisha mguu wake wa kushoto chini ya gauni. Daktari aliwaomba radhi wote wawili, akaendelea na kazi.

Hapakuwa na la ajabu hapo. Tangu mwaka jana, kila ugonjwa uliompata kuku yule, ambaye wajukuu walimwita Shangazi, ulimpata na bibi yao, na dawa ya mmoja ilimponya mwingine. Kuku alipopakwa mafuta miguuni kuua utitiri, mama aliacha kujikuna. Kuku alipotibiwa kifua, mama alilala usingizi mnono. Mwanawe, fundi wa majokofu, aliona amerahisishiwa maisha: ziara moja, wagonjwa wawili. Zamani mama alipolalamika, jibu lilikuwa lile lile, ni uzee tu, mama, vumilia. Lakini Shangazi akipiga chafya tu, simu ilipigwa, maana alikuwa mtagaji hodari.

Kwa hiyo mama aliacha kulalamika. Alishinda mlangoni akimchunga kuku, roho juu.

Daktari aliuosha mguu kwa maji ya chumvi, akaufunga bendeji, kisha mkono wake ukateremka tumboni na kutua hapo. Mama alihisi vidole vya baridi chini ya kitovu. Tumbo limejaa maji, daktari alieleza, mayai yanamwagikia ndani. Maji hayo huvutwa kwa sindano kila yakijaa, na kuku huendelea kuishi vizuri tu.

"Atataga?" fundi aliuliza.

"Kutaga ndiyo basi tena. Lakini ataishi."

Fundi alikuna kidevu. Alimtazama kuku, akamtazama mama yake, bila chuki yoyote, kama anavyolitazama jokofu la mteja lililokosa vipuri. Akasema daktari asijisumbue na sindano, Jumapili wana wageni.

"Na mimi je, mwanangu?" mama aliuliza.

"Wewe una nini, mama? Huyu ni kuku tu."

Hofu ilimshika mama, hofu ya kukausha mate. Asubuhi ya Jumamosi tumbo lilimsokota, akachuchumaa nyuma ya pazia la chumba chake, akataga. Lilikuwa yai la kahawia, zito, lenye joto. Hakupoteza muda kulishangaa. Alilifuta kwa pindo la gauni, akajikokota mpaka bandani, akalisukuma chini ya Shangazi, ambaye alijisogeza kumpisha.

Mke wa fundi ndiye aliyeliokota. Wageni wakapikiwa kuku mwingine, daktari akaitwa na sindano yake, na mama akapumua tena.

Tangu hapo alitaga kila alfajiri. Kucha zake zikawa laini na meno yakaanza kucheza, kwani maganda lazima yatoke mahali. Daktari alipompapasa Shangazi kidari, alikuta mfupa umelegea. Alimtazama mama, akaelewa, akashauri maganda yaliyosagwa yatiwe kwenye uji wa mama. Mkwewe akawa anayasaga vizuri kabisa, na hakuna aliyeuliza kitu.

Kisha ikaja asubuhi ambayo tumbo halikusokota. Mama alichuchumaa akasukuma mpaka machozi yakamtoka, wapi. Alimsikia mkwewe akipekua kiota na kurudi mikono mitupu. Baadaye nyayo za mwanawe zikaja hadi mlangoni. Mama hakuhitaji kuchungulia ili ajue kuwa amembeba kuku, kwa sababu mbavu zake mwenyewe zilikuwa zimebanwa kwapani.

"Mama," fundi alisema kwa upole, "vipi leo?"

"Bado kidogo, baba. Nivumilie."

"Sawa, mama."

Hakuondoka. Mama, nyuma ya pazia, aliuhisi mkono wa mwanawe ukimpapasa polepole shingoni.