Pindo la Nyuma

Watu wa Makutano hawana haya. Ukinunua sufuria mpya watakufuata mpaka jikoni waone utapika nini. Kwa hiyo iliposikika kwamba nyumba ya ushonaji ya Muthamia na Mwanawe imepata mkataji mpya, na kwamba mkataji mwenyewe ni mwanamke, tena msichana wa Embu kule chini kwenye joto, hapakuwa na kinyozi wala muuza ndizi aliyekosa la kusema.

"Kwao hushona magunia ya ndengu," alisema mmoja.

"Afadhali gunia. Gunia halichagui mvaaji," akajibu mwenzake, wakacheka.

Karwirwa, mwenye duka, aliyasikia hayo yote akayameza. Alikuwa mjane wa Bundi, na Bundi alikuwa mtoto wa yule Muthamia aliyeandikwa juu ya mlango pamoja na mwaka wa 1938. Mzee Muthamia alianza na cherehani moja. Wachumba waliotaka kuheshimika walishonewa hapo, na machifu, na wauguzi wa kwanza wa sehemu ile. Bundi alishika mkasi mwaka wa 1957 na hakuuweka chini mpaka mwaka wa 1994, alipokufa bado futi ya kupimia ikiwa shingoni. Tangu siku hiyo meza ya kukatia ilifunikwa shuka, mitumba ikajaa kila kona ya mji, na wateja wakapungua mmoja mmoja.

Mwanawe Mwenda, aliyekuwa na kazi Nairobi, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka tu.

"Mama, kuna mtu anataka hivi vyumba auzie mitumba," alimwambia. "Unangojea nini?"

"Nangojea mkataji."

Miaka miwili alingoja, akiomba kila asubuhi, mpaka Wawira, yule msichana wa Embu, alipofika na barua ya chuo cha ufundi na mikono iliyotulia. Siku hiyohiyo ikaja kazi kubwa: magauni thelathini na sita ya samawati kwa akina mama wa kanisa, ya kuvaliwa katika jubilii ya miaka sitini. Mwenda akasema haya, jubilii iwe ndiyo mtihani. Jumapili ikienda vizuri, duka libaki. Ikienda vibaya, Jumatatu funguo apewe mtu wa mitumba. Karwirwa alikubali, kwa sababu alikuwa ameshapewa alichoomba, na anayepewa hadai tena.

Wawira alifanya kazi kwa namna yake. Jumapili tatu mfululizo aliketi kanisani kwenye benchi la mwisho kabisa, nyuma ya akina mama. Kisha akawapima. Marehemu Bundi aliwapima wake za watu kwa mbele tu, na kwa upande wa nyuma alikata sawa na mbele, kwa kuwa mwanamume mwenye heshima zake hapitishi futi mgongoni mwa mke wa mwenzake. Watu walimsifu sana kwa adabu hiyo. Wawira alipima mbele, akazunguka, akapima na nyuma, toka shingoni hadi kisiginoni, akiandika katika kitabu chake kidogo bila neno. Akina mama waliona anawapotezea muda.

Nyumba hiyo ilikuwa na desturi moja. Nguo ya kwanza ya mkataji mpya hutundikwa dirishani siku tatu, iangaliwe na kila mpita njia kabla haijavaliwa. Bundi naye alitundika koti lake mwaka ule wa 1957. Karwirwa alilikumbuka vizuri, kwa sababu alikuwa msichana akienda sokoni na gunia la viazi mgongoni, kamba imempita kwenye paji la uso, akasimama kulitazama mpaka fundi akatoka nje kumuuliza kama analitaka. "Namtaka aliyelishona," alijibu, kwa utundu wa ujana. Utundu huo ulimpa miaka thelathini na saba ya ndoa, na hakuna siku aliyoujutia.

Sasa Alhamisi asubuhi likatundikwa gauni la Wawira. Lilikuwa gauni la Karwirwa mwenyewe, lenye kola nyeupe na mshono usioonekana. Kabla ya saa nne watu walikuwa wamejaa mbele ya kioo, na kabla ya saa tano walikuwa wanacheka.

"Lina mkia!"

Kweli lilikuwa na mkia. Pindo la nyuma lilishuka chini kuliko la mbele, wazi kabisa, hata mtu aliyekuwa ng'ambo ya barabara aliweza kuliona. Madereva wa malori walipiga honi. Mwanamume mmoja aliuliza kama akina mama wa kanisa wameanza kufuga mikia ili wafukuzie nzi wakati wa mahubiri.

Ijumaa akaja Mwalimu Winfred, mwenyekiti wa akina mama, mwanamke mrefu aliyesimama kama mlingoti wa bendera ya shule yake. Aliligeuza gauni mara mbili.

"Mama Mwenda, nakuheshimu sana," alisema. "Lakini hii si fasheni, ni aibu. Jumapili tutavaa yale ya zamani."

Alipotoka, Kinyua alitoka chumba cha nyuma. Kinyua alikuwa amepiga pasi katika nyumba hiyo tangu pasi ya makaa, na aliipenda kama alivyoipenda familia yake.

"Si hiyo moja pekee, Mama Mwenda. Kuja uone. Nikikunja gauni, mbele na nyuma haikutani. Zote iko hivyo. Moja tu ndiyo iko sawa." Alikuwa na mkasi mkononi. "Sema tu ndio. Mpaka kesho jioni nitakuwa nimezikata zote zikae sawa."

Wawira alikuwa ameketi karibu na dirisha akishona vifungo. Karwirwa alimgeukia.

"Wawira, mwanangu, ulikosea?"

"Hapana, Mama."

"Basi tueleze."

Msichana aliangalia chini. "Siwezi kulisema, Mama. Mimi ni mtoto, na nyinyi ni wazazi. Nisamehe. Angalia kazi yenyewe."

Kinyua akasonya. Karwirwa alifikiria Jumatatu, na funguo, na shuka lile lililofunika meza. Neno moja tu lilitakiwa kwake, na Kinyua alikuwa akilisubiri na mkasi wazi. Lakini alikuwa amemwomba Mungu mkataji miaka miwili, na aliona vibaya kuirudisha zawadi kabla hajaifungua.

"Niletee yote," alisema. "Moja moja, na jina lake."

Kinyua aliyaleta, kila moja na karatasi ya jina iliyopachikwa kwa pini. Karwirwa alichukua futi ya marehemu akaanza kupima tofauti ya pindo la mbele na la nyuma.

Gauni la kwanza lilikuwa la Mama Mutugi. Nyuma ilizidi kwa inchi nne. Mama Mutugi aliuza kuni hapa mjini toka alipofiwa na mumewe, akawasomesha watoto watano kwa mgongo wake. La Njoki lilizidi inchi moja tu. Njoki aliolewa na mwenye punda. La Mama Munyi lilizidi inchi tatu na nusu, na huyo ndiye aliyekuwa akipandisha maji mlimani siku zile kabla ya mifereji. Karwirwa alianza kupima polepole zaidi. Alichukua lile moja lililokuwa sawa, ambalo Kinyua aliliona ndilo pekee lisilo na kosa, akasoma jina. Lilikuwa la Mwalimu Winfred, aliyepelekwa shule ya bweni akiwa mdogo na hakuwahi kubeba mzigo mgongoni hata siku moja.

Karwirwa aliketi.

Aliyaona yote sasa. Akawaona akina mama wakisimama kanisani kuimba, na kila mmoja akipeleka mkono nyuma kuvuta gauni chini, kwa sababu mgongo uliopinda kwa mizigo huchukua kitambaa na kukipandisha. Walifanya hivyo wote, kila Jumapili, miaka nenda miaka rudi. Watoto wao walidhani ni sehemu ya ibada. Yeye pia alifanya hivyo. Huyu msichana aliketi nyuma yao Jumapili tatu akaona, kisha akakata kila gauni kwa mzigo wa mwenyewe. Angesemaje? Angesimama mbele ya wazazi aseme, migongo yenu imepinda?

Alilitoa gauni lake dirishani, akaenda nyuma ya pazia akalivaa. Kioo cha duka kilikuwa kimoja, na mtu hajioni mgongo kwa kioo kimoja. Lakini mlango wa uani ulikuwa wazi, na upepo wa Meru wa mwezi wa Julai unajulikana. Karwirwa alisimama akiusubiri nyuma ya magoti, mahali ambapo ulikuwa ukimpiga tangu ujana wake. Haukufika. Kitambaa kilikuwa hapo.

Alilia kidogo, kisha akacheka, maana alimkumbuka Bundi. Mungu amrehemu Bundi na adabu zake! Aliwaheshimu akina mama mpaka akawaacha miguu nje miaka thelathini na saba. Hakumlaumu. Alishukuru kwa ajili yake, na akashukuru zaidi kwa ajili ya huyu aliyekuja baada yake.

"Kinyua," aliita toka nyuma ya pazia, "rudisha huo mkasi. Piga pasi kama yalivyo."

Jioni alikwenda kwa Mwalimu Winfred. Hakumwambia habari ya migongo, kwa kuwa hiyo ilikuwa siri ya akina mama thelathini na watano na si yake peke yake.

"Mwalimu, nakuomba kitu kimoja. Acha tuvae mapya. Wewe siku zote husimama mbele utuongoze. Jumapili hii simama nyuma yetu. Ukiona aibu, lawama yote nibebeshe mimi, na Jumatatu nafunga duka."

"Umebeba mengi, Mama Mwenda," alisema Winfred. "Haya. Nitasimama nyuma."

Jumapili kanisa lilijaa hadi nje. Nusu ya Makutano ilikuwa imekuja kuabudu, na nusu nyingine kuangalia mikia. Mwenda alikuwa ameketi kando, amekunja mikono. Akina mama waliingia wakiwa na wasiwasi, wakaketi. Mhubiri akaita wimbo.

Wakasimama. Na mikono ikaenda nyuma, kwa mazoea tu, mikono thelathini na mitano, pamoja na wa Karwirwa. Ikapapasa. Haikupata cha kuvuta. Gauni lilikuwa limeshafika chini, limetulia, na mapindo yote yalikuwa sawasawa toka mwanzo wa mstari hadi mwisho. Mama Mutugi aligeuza uso akamwangalia Karwirwa, mdomo wazi. Mikono ilibaki hewani kidogo, haina kazi. Kisha mmoja akaanza kupiga makofi, na wengine wote wakafuata, kwa mikono miwili, kwa mara ya kwanza tangu wawe wazee. Wimbo ulipanda mpaka mabati yakatetemeka, na nyuma yao Mwalimu Winfred alishindwa kuimba kwa machozi.

Hakuna aliyetaja mkia tena. Nje, Mwenda alimkumbatia mama yake akasema yule mtu wa mitumba atatafutiwa vyumba kwingine. Kinyua alimpa Wawira mkono na kuutikisa mno, akamwambia, "Mimi nilikuwa mjinga, dada," na msichana akacheka.

Jumatatu asubuhi Karwirwa alifungua duka mapema. Wawira alimkuta amesimama penye meza ya kukatia, na juu ya meza ameweka kitambaa cha samawati kilichobaki.

"Ulijifunzia wapi kuona mgongo?" Karwirwa alimuuliza. "Chuoni hawafundishi hivyo."

"Kwa mama yangu. Kwetu maji ni mbali, na punda hatukuwa naye." Wawira alinyoosha kitambaa kwa kiganja. "Ana gauni moja la kanisani. Siku hizi haendi, anasema watu wa nyuma wanamwona miguu."

Karwirwa akachukua futi ya marehemu, akamvika shingoni.

"Nyuma inazidi inchi ngapi?"

"Sita, Mama."

"Kata," alisema Karwirwa, na akashika upande wa pili wa kitambaa ili kisiteleze.