Mnazi wa Mudrik

Kama kuna kitu kilichokuwa kikimchafua roho Arafa, ni kumwona shemeji yake Hamoud akitembea na bakora. Mtu miguu mizima, mgongo umenyooka, hana hata kikohozi! Lakini akishapata wageni wa hoteli wa kuwapeleka magofuni, lazima ashike bakora, na lazima asimame kila mara aielekeze kwenye mti, kwenye jiwe, kwenye kichuguu, aseme hiki cha babu yangu, kile cha babu yangu. Arafa alikuwa akimtazama kutoka uani kwake, nje kidogo ya Kiegeani, anatema mate chini na kuendelea kukuna nazi yake.

Njia yenyewe ilianzia nyuma ya nyumba yake. Ilifuata mto katikati ya minazi, ikainama chini ya mikoko, ikatokea ukingoni mkabala na ngome. Ngome ni jina tu siku hizi. Kuta nusu zimelala chini, nusu zimeshikwa na mizizi ya mkuyu, na ndani wanalala popo. Lakini wageni wanaipenda, na kutembea kandokando ya mto kuifuata ndiyo starehe yao. Na nyuma ya ukuta wa kusini kuna makaburi, na katika makaburi hayo limo moja dogo, limezungushiwa makombe ya baharini. Humo amelala Mudrik, mtoto pekee wa Arafa, aliyekufa kwa homa hata meno ya utoto hayajaanza kung'oka. Kila Ijumaa asubuhi mama yake alikuwa anakwenda kung'oa majani, kumwagia maji na kumsomea. Baba yake, Azan, mdogo wake Hamoud, alikuja kuzikwa pembeni yake miaka michache baadaye.

Ugomvi ulianza kwa kicheko. Ijumaa moja Arafa alikuwa anatoka kaburini, akamkuta Hamoud amesimama mbele ya wageni, kifua mbele, anawaeleza jinsi babu yake alivyoijenga ngome hii kwa mawe na chokaa. Arafa alicheka. Hakukusudia, wallahi, kilimtoka tu.

"Shemeji, hebu usiwadanganye wageni wa watu," alisema. "Babu yako alishuka hapa akaikuta imeshabomoka. Mawe yake akayachukua akajengea zizi la punda."

Ukasha, kijana aliyekuwa akiwatafsiria wageni, alisahau kazi yake akacheka. Wageni wakauliza kuna nini, na Ukasha, maskini, akawaambia. Nao wakacheka. Hamoud aligeuza uso, akapiga bakora chini, akaongoza msafara kurudi.

Jioni yake alikuja mlangoni kwa Arafa, hakukaa hata alipopewa kiti.

"Njia ya mtoni ni ya wageni kuanzia leo," alisema. "Sitaki kukuona huko na jembe lako na kanga lako la kufanyia kazi. Shamba langu lile."

"Shamba lako, sijakataa. Lakini mnazi wangu uko ukingoni."

Hamoud alikunja uso kama mtu aliyeonja shubiri, kwa sababu alijua alichoambiwa. Kisiwani hapa ardhi ina mwenyewe na mti una mwenyewe. Shamba linaweza kuwa la fulani, na mnazi uliosimama humo ukawa wa mwingine aliyeupanda kwa ruhusa. Na mwenye mnazi hazuiwi njia ya kuufikia mnazi wake, hata kama amenuniana na mwenye shamba tangu enzi. Mnazi wa Arafa ulikuwa ndio wa mwisho kabla ya maji. Akishaufikia, yuko mtoni, na mto hauna mwenyewe, na makaburi hayana mwenyewe. Anavuka topeni, hata kama tope la mto ule linameza mguu hadi paja, na yuko kwa mwanawe.

Tena haukuwa mnazi wa kupanda tu. Kitovu cha Mudrik kilipodondoka, Arafa alikifukia ukingoni pale kwa mkono wake, akakitilia juu mche wa mnazi, na Azan akasimama pembeni akisema bismillahi. Hamoud mwenyewe ndiye aliyewapa ruhusa, wakati ule mambo yao yakiwa bado mazuri. Mtoto alikufa, mnazi ukakua. Ukaanza kuzaa. Arafa alikuwa akipita anaupapasa, anauuliza hali. Watu walimwona kachanganyikiwa kidogo, na yeye hakuwajali.

"Tutaona huo mnazi," alisema Hamoud, akaondoka bila kuaga.

Wiki ile ile Arafa alikwenda Kilindoni kumwuguza dada yake. Alirudi kwa bodaboda, akaweka fuko lake ndani, na kwa vile ilikuwa Ijumaa akachukua jembe na ndoo akashika njia. Alitembea mpaka ukingoni na hakuona mnazi. Aliona kigutu cheupe kinachuruzika maji. Mnazi ulikuwa umelazwa kukatiza mto, kilele kimekatwa, mgongo wa juu umechongwa bapa, na pembeni kumefungwa kamba ya kumbi ya kushikia. Daraja. Hamoud amewatengenezea wageni daraja.

Arafa alikaa chini pale pale alipokuwa amesimama. Alilia kwa sauti, alilia kama alivyolia siku ile walipomtoa Mudrik ndani kwenye jeneza. Ukasha, aliyekuwa bado anakaza kamba, alimkimbilia.

"Bi Arafa, shikamoo. Niwie radhi. Bwana Hamoud aliniambia mti wake."

"Niondokee," alisema Arafa. "Niondokee kabla sijakutia jembe."

Alikwenda kwa wazee wa kijiji akashitaki. Wazee walikaa barazani, wakamwita Hamoud, wakaulizana afya na mvua kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, maana wote walikuwa wanamwogopa na kila mmoja alikuwa na mbuzi wake shambani kwa Hamoud. Mwishowe wakasema lile lisilokuwa na ubishi: mti ni wa aliyeupanda, ukiwa umesimama au umelala.

Hamoud alicheka mpaka akajifuta macho.

"Nani kakataa? Gogo ni lake! Aje alichukue. Alibebe kichwani akalipikie!"

Wazee nao wakacheka, loh, wazee wazima wenye ndevu! Arafa akangoja wamalize.

"Mmemsikia kwa masikio yenu," alisema. "Gogo ni langu."

"Lako, shemeji, lako," alisema Hamoud. "Ila mnazi huna tena, na njia huna tena."

"Njia ya kufikia mti wangu ninayo. Ukiwa umesimama au umelala. Na mimi sina wa kunibebea, basi gogo likae hapo hapo lilipo."

Hamoud alipunga mkono kama anayefukuza nzi. Alikuwa na haraka ya kwenda hotelini kuwaambia kwamba sasa hata mgeni mwenye viatu vyeupe atafika ngomeni bila kuchafuka.

Msafara wa kwanza wa darajani ulikuwa mkubwa. Alikuwemo mwanamke mmoja kutoka Hispania, mrefu, ana fimbo mbili za kutembelea, ambaye kwao mapumziko yake yote huyamaliza kwa kufuata mito na kupanda kwenye magofu ya ngome. Hamoud alifurahi sana kumpata mtu wa namna hiyo. Alivaa kanzu mpya, akatia udi, akachukua bakora. Njia nzima aliwasomesha mila. Sauti yake ilisafiri mbele yake chini ya minazi, na Arafa aliisikia tangu msafara haujaonekana.

"Kwetu sisi huingii kwa mtu bila hodi," alikuwa akisema, na Ukasha anatafsiri. "Unabisha mara tatu. Usipojibiwa, unageuka unarudi ulikotoka, hata kama mwenyewe unamwona kwa macho yako. Ukilazimisha, wewe si mstaarabu. Haya, semeni: hodi!"

"Hodi!" waliitikia wageni, wanacheka.

"Tena!"

"Hodi!"

Wakatokea ukingoni, na pale kwenye mdomo wa daraja, Arafa alikuwa ametandika mkeka. Alikuwa amekaa juu yake, miguu ameinyoosha mbele, kanga nadhifu kichwani, jembe na ndoo pembeni. Mkeka ulikuwa umeziba mdomo wote wa daraja. Hapakuwa na pa kupita ila kukanyaga mkeka wa mwanamke na kumruka miguu.

Hamoud alisimama. Ukasha nyuma yake akainamisha kichwa.

"Arafa, unafanya nini hapa?"

"Nimekaa kwangu."

"Ondoka. Usinitie aibu mbele ya wageni."

"Aibu ulijitia mwenyewe siku ulipochukua shoka. Gogo hili la nani, shemeji? Sema wasikie."

Hamoud alimtolea macho. Alitazama tope lililoko kulia na tope lililoko kushoto, akatazama kanzu yake. Mwanamke wa Hispania alimgusa Ukasha begani, akamwuliza jambo. Ukasha alimtazama Hamoud, halafu akamtazama Arafa, na safari hii akajibu kirefu. Wageni waligeuza vichwa mmoja mmoja. Walitazama kigutu. Kilikuwa bado cheupe.

"Umewaambia nini?" Hamoud alimgeukia.

"Nimewaambia daraja ni la Bi Arafa," alisema Ukasha. "Ndivyo wazee walivyosema. Na kitovu cha mwanawe kiko chini ya kile kigutu."

"Mbwa we!"

Lakini mgeni yule mrefu alikuwa ameshasogea mbele. Aliziweka fimbo zake chini, akasimama mbali kidogo na mkeka, akasema kwa Kiswahili alichofundishwa njiani, polepole na kwa adabu:

"Hodi?"

Arafa alimtazama. Hakuwa na ubaya na mama yule. Angemkuta peke yake siku nyingine, angemkaribisha, angemwangulia na dafu. Lakini nyuma yake alikuwa amesimama Hamoud, na bakora yake. Arafa alifunga mdomo.

Yule mama alimgeukia Hamoud, akamfanyia ishara kwamba wewe ndiye mwenyeji, wewe ubishe. Wageni wote wakamtazama. Hamoud alikohoa. Jasho lilikuwa limeloanisha kola ya kanzu.

"Hodi," alisema, kwa sauti ya mtu anayetapika.

Arafa alitazama maji.

"Hodi, shemeji."

Popo mmoja alitoka ngomeni, akazunguka, akarudi.

"Arafa, nakuomba. Hodi."

Ndiyo ilikuwa ya tatu. Wageni walihesabu wenyewe, walikuwa wamefundishwa na fundi. Mwanamke wa Hispania aliokota fimbo zake, akamwinamia Arafa kichwa, akageuka. Wenzake wakageuka nyuma yake, wanatembea kimyakimya kama watu wanaotoka msibani. Ukasha akawafuata. Hamoud aliwaita, akawaambia wangoje, akasema huyu mwanamke hana akili timamu. Hakuna aliyetazama nyuma.

Walibaki wawili. Hamoud alisogea karibu na mkeka.

"Haya, umeshinda. Unataka nini? Njia? Chukua njia. Nitasema mbele ya wazee, pita Ijumaa, pita Jumamosi, pita usiku na mchana. Nitakupa minazi mingine kumi, uchague mwenyewe. Sema unataka nini."

"Nataka mnazi wangu usimame."

"Mnazi ukishakatwa hausimami tena, Arafa. Unajua."

"Najua," alisema Arafa. "Basi na wewe hupiti."

Hamoud aliinua bakora. Aliishikilia juu kidogo, halafu akaishusha, akageuka akaondoka, na kwa mara ya kwanza alikuwa anaiegemea kweli.

Arafa alingoja mpaka nyayo zake zikapotea. Akaukunja mkeka. Daraja lilikuwa mbele yake, kavu, bapa, kamba yake imekazwa vizuri, ng'ambo ni hatua chache tu. Aliinama, akaupapasa mgongo wa mnazi pale shoka lilipochonga, akauuliza hali kama siku zote. Kisha akavua ndara zake, akapandisha kanga juu ya mapaja, akajitwika ndoo, akashika jembe, akashuka topeni pembeni ya daraja. Tope lilimfika mapajani. Alivuka hivyo hivyo, mkono mmoja ameuegemeza kwenye gogo, mpaka ng'ambo kwa mwanawe.