Usingizi wa Kampuni

Walianza kwa kumtoa mama yangu sebuleni.

"Mama, samahani, ukakae uani kidogo," alisema Madam Ewurama, mkuu wa idara ya wafanyakazi, aliyepanda ndege asubuhi hiyo kutoka Accra kuja Kumasi kutengeneza filamu ya kuwaonyesha wafanyakazi wenzangu jinsi ninavyopumzika. "Si kwa ubaya. Ni kitenge chako tu. Kinagombana na rangi za kampuni."

Mama alikitazama kitenge chake, kisha akamtazama mgeni kuanzia viatu hadi wigi. "Kumbe hapa ni kwa kampuni," alisema. "Mimi nilidhani ni kwa mwanangu." Akabeba kigoda chake na sinia lake la karanga, akatoka bila kuharakisha.

Baada ya mama ikafuata meza yangu ya kazi. Fiifi, mpiga picha, aliifunika kwa kitambaa cheupe, akasukumia nyaya nyuma ya pazia. Dawa zangu za presha zilitiwa kabatini. Kutoka garini likaletwa ua la plastiki ndani ya chungu. Na kwa kuwa mwanangu alikuwa shule ya bweni Cape Coast, na filamu ilimhitaji mama anayecheza na watoto wake saa za jioni, waliazimwa wawili wa jirani. Madam Ewurama aliwakagua kama mtu anayenunua mbuzi. "Wana meno mazuri," akasema.

Mimi nilikaa pembeni, mikono mapajani, mgeni katika nyumba ninayoilipia kodi.

Heshima ile niliipataje? Kampuni yetu ya bima ilikuwa imefunga ofisi yake ya Adum, katikati ya Kumasi, ikauza jengo, ikatuambia tufanyie kazi nyumbani. Tulipiga makofi, wajinga sisi. Hakuna tena foleni ya magari ya Kejetia, tulisema, hakuna tena kupiga pasi alfajiri. Hatukuuliza kazi za wenzetu walioachishwa zingebebwa na nani. Zilikuja zenyewe, moja moja, kama ndugu wa mbali wanaokuja kusalimia na kuhamia kabisa.

Kazi yangu ilikuwa kuwajibu watu waliogongewa magari na kuunguliwa maduka. Msimamizi wangu aliitwa Asamoah, mtu ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti. Hakuhitaji. Neno "tafadhali" kwake lilikuwa fimbo. Tafadhali niambie faili la Ejisu limefika wapi. Tafadhali, najua ni Jumamosi. Tulipomzika mjomba wangu, nilisimama nyuma ya mahema na nguo zangu za matanga, nyeusi na nyekundu, nikimbembeleza kwa simu mwenye basi lililopinduka, huku ngoma za msiba zikinipigia masikioni na yule mwenye basi akiniuliza kama niko kwenye sherehe.

Nywele zilianza kunitoka kwenye kitana. Kisha kichwa kikaanza kuniuma, upande mmoja, kila siku. Asubuhi moja mama alinigongea mlango akanisalimia, nami nikamjibu, "Asante kwa kuwasiliana nasi, nikusaidie nini?"

Hakucheka. "Birago," alisema, "mimi ni mama yako. Sina bima."

Sasa, kampuni haikuwa kipofu. Ilikuwa imesikia kwamba watu wanaofanyia kazi nyumbani huchakaa, kwa hiyo ikatuletea dawa. Kila Ijumaa, saa ya chakula cha mchana, tulitakiwa kuwasha kamera zetu tufundishwe kutochoka. Madam Ewurama alitabasamu kutoka Accra, akatuambia tunywe maji, tunyooshe shingo, tuweke mpaka kati ya kazi na nyumba. Asiyehudhuria aliandikiwa na Asamoah. Hivyo tulifundishwa umuhimu wa kula kwa utulivu huku matumbo yetu yakiwa matupu, na wenzangu, Mungu awasamehe, walimiminia somo lile mioyo myekundu ya kwenye skrini. Wengine waliandika, "Nimebarikiwa." Sijui walibarikiwa nini. Labda ni wale waliokuwa wakila chini ya meza.

Nilichaguliwa kuwa mfano kwa sababu moja tu: nilikuwa najibu ujumbe haraka kuliko watu wote. Wakubwa wa Accra waliangalia, wakaamua kwamba mtu anayejibu upesi hivyo, hata Jumapili, lazima awe na furaha. Wakanivisha kilemba cha ukoka, wakakileta nyumbani kwangu na kamera juu yake.

Kipande cha kwanza kilikuwa rahisi. Saa kumi na moja jioni inafika, nafunga kompyuta, natabasamu, watoto wananikimbilia. Saa yenyewe ilikuwa asubuhi, lakini Fiifi alikuwa na taa yake ya kutengeneza jioni. Nikafunga kompyuta. Simu ikalia.

"Inaharibu sauti," Fiifi alisema.

"Izime, mpenzi," alisema Madam Ewurama.

"Ni Asamoah. Anataka ripoti ya Obuasi."

Nilimwona akisita. Alikuwa mkuu wa Asamoah. Neno lake moja lingetosha. Akatazama saa ya mkononi. "Basi mjibu chapuchapu, halafu tuendelee."

Nikamjibu, poda ikiwa imenikauka usoni. Nikafungua kompyuta ili niifunge tena. Watoto wa jirani wakanikimbilia wakipiga kelele "Mama!" kwa sauti ya watu walioahidiwa biskuti. Simu ikalia. Nikajibu. Tukarudia. Sijui niliimaliza kazi ya siku ile mara ngapi, na kila nilipoimaliza ilikuwa inaongezeka.

"Uso wako bado uko kazini," Madam Ewurama alinilalamikia. "Ulegeze. Fikiria kitu unachokipenda."

Nilitafuta. Nilitafuta kweli, kama mtu anayepapasa funguo kwenye mkoba. Sikukipata, na hilo lilinitisha kuliko presha.

Akakata tamaa na uso wangu. "Hamna neno. Tufanye cha mwisho. Ulale kwenye kochi, ufumbe macho, mwanga wa jioni ukuangukie. Hata kutabasamu si lazima."

Nikajilaza. Nakumbuka manukato yake yakinisogelea, mkono wake ukinipanga shingo kwenye mto, na sauti ya mama akibangua karanga uani. Fiifi akasema, "Twende." Nami nikaenda.

Yaliyofuata nimehadithiwa na mama, ambaye hajapata kuchoka kuyahadithia.

"Safi sana, Birago," alisema Madam Ewurama. "Inuka sasa." Akarudia. Akanitikisa bega. Akanitikisa tena, kwa nguvu, mpaka wigi likamcheza.

"Amezimia?" Fiifi aliuliza.

Mama akaingia, maganda yamemjaa mikononi, akaniwekea sikio kifuani. "Amelala," akasema.

"Basi tumwamshe, Mama. Kimebaki kipande kimoja, na sisi tuna ndege."

"Si mlikuja kupiga picha za mtu aliyepumzika?" mama alimwambia. "Huyo hapo. Pigeni."

Simu ikalia. Mama, ambaye kwa kawaida haigusi, aliiokota.

"Birago yuko wapi?" ilikuwa sauti ya Asamoah, laini kama kawaida.

"Yuko hapa na wakubwa wenu, wanamfundisha kulala. Amefaulu." Kisha akaizika simu kwenye debe la mchele na kulikalia debe.

Waliondoka bila kurudisha meza mahali pake. Ua lao la plastiki hawakulisahau.

Niliamka kesho yake, jua limepanda. Nilikuwa palepale kwenye kochi, nimefunikwa kitenge kile kilichogombana na kampuni. Mama alinipa bakuli la uji. Kitu cha kwanza nilichouliza kilikuwa simu, naye akanisogezea kijiko. Nikaanza kulia, uji mkononi, nikalia mpaka ukapoa. Hospitalini daktari alipima presha mkono huu, akapima na ule, akaniuliza nani amenileta. Mama akasema ni yeye. "Ungemchelewesha kidogo," daktari alimwambia, "ungeletewa wewe habari ya msiba." Kisha akanigeukia. "Dada, mwili wako umeacha kuomba ruhusa. Ulishaomba sana."

Mwezi uliofuata filamu ilionyeshwa kwenye mkutano mkuu wa mtandaoni. Wafanyakazi wa nchi nzima tulikuwamo, kila mmoja ndani ya kidirisha chake kama njiwa. Kinanda kikalia polepole. Nikajiona nimelala, mdomo wazi kidogo, mwanga wa uongo umenipiga shavuni, na maneno yakapita chini yangu: Birago anajua kuweka mpaka.

Mioyo myekundu ikamiminika. Asamoah naye alituma wake.

"Na sasa," alisema Madam Ewurama, "mwenyewe atatuambia siri yake."

Sikuwa nimepanga hotuba. "Pale sikuwa nimepumzika," nilisema. "Pale nilikuwa nimeanguka. Mlipokuwa mnanipaka poda, Asamoah alikuwa anadai ripoti, na wewe, Madam, ulisimama pale ukaniambia nimjibu."

Ndipo nilipoiona alama ndogo nyekundu kwenye kona ya kidirisha changu. Sauti yangu ilikuwa imefungwa. Si mimi niliyeifunga, na nilipobonyeza kuifungua, haikufunguka.

Niliendelea. Niliwaambia habari za msiba wa mjomba na mwenye basi. Niliwaambia za nywele kwenye kitana. Nilitaja kwa majina wenzetu walioachishwa, ambao kazi zao tulizibeba huku tukifundishwa kunyoosha shingo. Nyuso zote zilinitazama kwa upole, kama watu wanavyomtazama samaki ndani ya tangi la kioo.

"Mtandao wa Kumasi, jamani," Madam Ewurama aliniingilia, akicheka kile kicheko chake cha Ijumaa. "Lakini uso tunauona. Tunaona jinsi alivyo na furaha. Makofi kwake!"

Wakapiga makofi.

Jioni hiyo niliandika kwamba naacha kazi. Mistari miwili. Jibu la Asamoah lilikuja kabla sijanyanyuka kitini: tafadhali nikamilishe kwanza ripoti ya Obuasi. Sijaikamilisha mpaka leo, na mji wa Obuasi, nilivyosikia, bado upo.

Nilikuwa nakunja waya wa kompyuta yao niirudishe ndipo ilipopigwa simu kutoka namba nisiyoijua. Alikuwa mwanamke, na alikuwa ananong'ona.

"Dada Birago? Mimi Rahinatu, wa Tamale, kitengo cha bima ya moto."

Nilimfahamu kwa kidirisha chake tu, kule chini mwisho, hijabu ya kijani, hasemi kitu. Miaka miwili tulikuwa kampuni moja na sikuwahi kuisikia sauti yake.

"Walikufungia sauti," alisema. "Mimi sikupiga makofi. Nilikuwa nakuangalia midomo, nikashika maneno machache tu, mengine yamenipita." Nilisikia upepo kwenye simu yake, na mlango ukifungwa. "Nimetoka nje sasa. Niambie tena."

Nikaweka waya chini. Nikamwambia tena, tangu mwanzo, polepole, naye hakunikatiza.