Chablis ya Kaka Mkubwa

Katika karakana ya kuchapa lebo, Miwani alikuwa na mtindo wake mmoja: akikagua sampuli alisoma kinyumenyume, kutoka neno la mwisho hadi la kwanza, herufi moja moja. Ukisoma kwa mbele, alisema, akili inajazia inachokitaka. Kwa mtindo huo alikuwa amepitisha lebo za asali, za sabuni na za dawa ya mende miaka kumi na minne bila kosa, na bila kujua nusu ya maneno yale yalimaanisha nini. Maana ilikuwa kazi ya mteja. Akishasaini sampuli, likitokea la kutokea, lake hilo.

Safari hii mteja alikuwa kaka yake wa tumbo moja. Kaka mtu alikuwa ameacha ukarani akaenda kupanda mizabibu kwenye kipande cha mlima chenye mawe matupu. Mkewe akanuna mwaka mzima, wajomba wakacheka mpaka mbavu zikawauma. Sasa, baada ya miaka saba, alikuwa na mvinyo wake mweupe wa kwanza, na Ijumaa asubuhi mwenye mgahawa mkubwa kuliko yote mjini angeuonja. Akiukubali, shamba linaendelea. Akiukataa, kaka anarudi kwenye ukarani kichwa chini, na wajomba wanapata la kusema hadi kufa kwao.

"Andika CHABLIS, herufi kubwa," alisema, akaweka mezani chupa halisi ya Kifaransa iwe mfano. "Mizabibu yangu ni Chardonnay. Chablis ni Chardonnay. Kwa hiyo yangu ni Chablis. Kuna swali hapo?"

Hakukuwa na swali. Kaka akasaini, akaenda zake. Ndipo Miwani akaisoma ile chupa ya mfano kinyumenyume, akakunja uso, akairudia. Chardonnay haikuwemo, mbele wala nyuma. Kulikuwa na Chablis kubwa, na chini yake, kwa herufi ndogo, Appellation Chablis Contrôlée. Jamani, mtu akamue zabibu halafu asiitaje zabibu yenyewe? Jambo hilo likamkereketa kama kokoto kwenye kiatu. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile alitaka kujua neno lina maana gani, na hamu hiyo ikamkosesha hata chakula cha mchana.

Akavua aproni, akaichukua ile chupa, akaenda duka la mvinyo mtaa wa pili. Muuzaji alikuwa mwanamke mwenye mafua na ulimi mwepesi.

"Chablis si zabibu, dada. Ni mahali. Mji mdogo na vilima vyake, kaskazini mwa Bourgogne, huko Ufaransa. Wale wanaandika walikotoka, hawaandiki walichokamua. Anayejua, anajua huko ni Chardonnay tu, na nyeupe tu. Mtu akikuomba Chablis nyekundu, mpe maji."

"Na Chardonnay iliyoota kwingine?"

"Ni Chardonnay ya kwingine, hata uibembeleze vipi. Hilo neno refu hapo chini linasema jina limelindwa, ni la watu wa huko. Nchi nyingi zimelitia hadi kwenye sheria." Akapenga kamasi. "Kwani mama yako akiwa mpishi, kila mpishi ni mama yako?"

Miwani alicheka njia nzima. Alipofika mlangoni pa karakana akasikia mashine imeshaanza kuzichapa lebo za kaka, na kicheko kikamkauka. Aliizima mwenyewe, kisha akampigia kaka simu.

Kaka alifika amevimba. Akasikiliza habari yote ya vilima na sheria, uso ukazidi kumbadilika.

"Nimesaini," alisema. "Si ndio utaratibu wenu?"

"Ndio. Lakini mimi ni mdogo wako kwanza."

"Yule mama wa mgahawa nimeshamwambia nampelekea Chablis. Sasa nimpelekee chupa isiyo na jina?"

"Shamba lako lina jina, kaka."

Kaka akatazama sakafu. Jina alilijua. Watu wa bondeni walipaita Kwa Mkaidi, na hawakuwa wakimsifu.

"Yaani dhihaka yao ndiyo nibandike kwenye chupa?"

"Ndiko mvinyo ulikotoka."

Aliondoka bila kuaga. Miwani akaogopa, tena sana. Akimharibia kaka Ijumaa yake, hatajisamehe. Hata hivyo akachapa: Kwa Mkaidi, na chini yake, Chardonnay. Alhamisi kaka akaja, akasoma, akabeba boksi la lebo.

Ijumaa Miwani alikwenda naye. Mwenye mgahawa aliitazama lebo, akainua macho.

"Uliniahidi Chablis."

Kaka akakivuta kizibo. "Nilikosea, mama. Chablis ni kwao. Huu ni wa kwangu."

Mwenye mgahawa akaonja, akaonja tena.

"Chablis ninayo, tele. Nilitaka kulinganisha, na kwa kulinganisha ungeshindwa," alisema. "Hebu niambie, huko kwako kukoje?"

Kaka akaanza na mawe. Akaja kwenye ukungu wa alfajiri, akaingia upande unaopigwa na jua la jioni, akaisimulia mizabibu ya juu iliyokataa kuzaa miaka mitatu hadi alipogundua mizizi inatafuta nini chini. Miwani, aliyemjua tangu utotoni kuwa mtu wa maneno matatu kwa siku, alibaki kumkodolea macho. Machozi yakamlenga.

Mwenye mgahawa akajimiminia tena. "Mwingine usimpelekee hata chupa moja, zote nazichukua mimi," alisema. "Haya, endelea. Ulikuwa kwenye mizizi."