Ufa wa Mita Kumi na Nne

Nilinawa mikono mara ya nne asubuhi ile, na wala haikuwa michafu. Shangazi alikuwa mezani pake akimalizia ripoti. Yeye ndiye mjiolojia wa bwawa litakalojengwa, na ndiye aliyeniombea kazi ya kutunza ghala la mawe, akawaapia wakubwa kwamba mimi ni mtu wa kuaminika. Loo!

"Mbona unazunguka kama kuku anayetaka kutaga?" akauliza. "Hebu kaa."

Nikae vipi? Wiki iliyopita niliangusha masanduku mawili. Ndani mna vipande vya mwamba vilivyochimbuliwa kwa mashine, vya mviringo kama mchi, kila kimoja mahali pake kufuatana na kina. Mwamba wenyewe una miaka bilioni tatu. Milima imeota kando yake ikalika ikaisha, wenyewe umetulia tuli, hata chafya haujapiga. Ndiyo maana vipande vyote sura moja, kijivu kitupu, nami nikavirudisha kwa kukisia. Kimoja tu kilikuwa na ufa wenye udongo mwekundu, alama kwamba maji hupita humo. Nikakitia sanduku la mita arobaini.

Jana, nikifagia, nikaona udongo ule ule umebaki kwenye sanduku la mita kumi na nne. Msingi wa ukuta ungekaa mita kumi na mbili. Ufa ukiwa arobaini, hauna neno. Ukiwa kumi na nne, maji yatapenya chini ya ukuta, na bondeni wanaishi watu.

Shangazi akashika kalamu.

"Shangazi, usitie sahihi."

Nikamweleza yote. Hakunifokea, heri angenifokea. Akaenda ghalani, akakiunganisha kipande chenye ufa na wenzake wa mita kumi na nne. Kikakaa barabara.

"Kwa nini hukusema siku ile ile?"

"Niliogopa utanifukuza."

"Nitakufukuza. Lakini kwanza tuyapange haya mawe."

Tukapanga hadi saa kumi jioni, magoti chini, yeye akisoma namba, mimi nikiunganisha. Nilipojibana kidole alicheka, nami nikacheka, nikajidanganya kwamba yamekwisha. Kisha akawapigia simu wakubwa. Walipomuuliza kosa ni la nani, akataja jina langu.

Akanyoosha mkono bila kunitazama. Nikampa funguo za ghala.