Mjane wa Jukwaani

Kila mwaka Kavata hualikwa kwenye kumbukumbu ya bomu lililomuua mumewe, Mwanzia, huko Eastleigh, mtaa wa Nairobi wenye Wasomali wengi. Mwaka huu wa uchaguzi, mgombea alimshika bega jukwaani, akanguruma: “Waliomfanya mama huyu mjane bado tunaishi nao. Nichagueni, niwafukuze!”

Umati ukashangilia. Kavata alimwona jirani yake Msomali, Amino, akiinamisha kichwa. Ndiye aliyemtoa Mwanzia kwenye moshi siku ile.

Kavata akanyakua maikrofoni. “Mume wangu alifia mikononi mwa Amino, yule pale! Mnamfukuza yeye?”

Maikrofoni ikazimwa. Macho yote yakamgeukia Amino.

“Dada, mbona umenitaja?” Amino alinong'ona walipokutana langoni. “Sasa wananijua.”

Kavata alinywea. “Chukua watoto wako,” akasema. “Mtakaa kwangu mpaka kura zipite.”