Kigari na Mlango Mweusi

Tangu Mama Simu apate kizunguzungu akaanguka ngazini, binti yake nesi alikuwa akimfungia mlango kwa nje kila asubuhi. Kwa usalama, alisema. Mwanamke aliyetengeneza simu za mji mzima miaka thelathini, leo afungiwe kama kuku! Ilimuuma, naye alisema wazi kwamba inamuuma, lakini sikio la kufa halisikii dawa, hata likiwa la nesi.

Ndipo wakawekeana ahadi. Mama Simu akiunda kigari cha kujiendesha, kikazunguka chumbani bila kugonga kitu, ataachiwa ufunguo.

"Kichwa kikiwa kizima, mama, mimi nina neno gani?" binti alicheka.

Alikiunda wiki tatu. Mbele alifunga sensa ya infraredi: hutupa miale isiyoonekana kwa macho, miale ikikuta kitu hurudi, na maikrokontrola, kibao kidogo cha saketi kilicho ubongo wa kigari, huamuru magurudumu yageuke.

Asubuhi ya mtihani kigari kilikwepa ukuta, kikakwepa kitanda, kikakwepa hata viatu vya nesi. Kisha kikaenda moja kwa moja kuugonga mlango, na magurudumu yakazidi kusukuma.

"Kimegonga," alisema binti.

"Mlango ni mweusi, mwanangu. Weusi unaimeza miale, hairudi. Chenyewe kinajua hapo pako wazi." Akaguna. "Angalau humu ndani yumo mmoja anayeona hivyo."

Binti alicheka, akachukua karatasi nyeupe, akaibandika chini mlangoni kwa plasta. Kigari kikaja, kikaiona, kikageuka. Akapiga makofi.

"Umeweza, mama! Kichwa chako kizima kuliko changu!"

Mama Simu akanyoosha kiganja.

Binti akatazama saa. "Leo nimechelewa mno. Tutaongea jioni, sawa?" Akamkumbatia, akatoka. Ufunguo ukazunguka kitasani mara mbili.

Mama Simu alibaki na kiganja chake wazi. Kigari kilifika mlangoni kikageuka, kikafika tena kikageuka, kwa adabu zote. Machozi yakamlenga. Yeye mwenyewe ndiye aliyekifundisha.

Akashika ukuta, akainama polepole asije akaanguka, akaibandua karatasi.

Kigari kikaja, kikagonga. Akakiacha kigonge.